Mtapeleka nini Kasulu?

Baba Mkubwa aliniuliza swali Jumapili, na leo ni Ijumaa usiku bado linanizunguka. Nimelisikia nikipanga dawa kwenye rafu, nimelisikia nikikoroga uji wa mwanangu Zuhura, na hata juzi Katubuka, nilipokwenda kumwona dada aliyejifungua (wa kiume, mama na mtoto wazima, alhamdulillahi), nilikuwa nimempakata kichanga huku kichwani linajirudia lilelile. Mtapeleka nini Kasulu?

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua safari yenyewe. Ni ile ya baiskeli na mahema, mimi na shemeji Rama na Asha wa Tabora, tunayoipanga na kuipangua tangu mvua zilipoanza. Sasa imetulia. Tunaondoka hapa kwetu Gungu, Kigoma, alfajiri, tunapita Mwandiga na kuingia barabara ya Manyovu. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni kilomita 60 za lami, ila ni lami ya kupanda: ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukifika kwenye mashamba ya kahawa ya Kalinzi umeshapita 1,500. Tutalala Kalinzi, kesho yake Manyovu, halafu tutafuata milima ya Buhigwe kwa njia za vijijini mpaka Kasulu. Hapo ndipo baiskeli zetu za gia zitakapopata kazi zilizotengenezewa. Kurudi tutateremka na barabara kuu, kupitia Kidahwe.

Tumechagua mwisho wa Mei kuingia Juni. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na huaga Mei, na zikishaaga kuna majuma machache ninayoyapenda kuliko majira yote. Matope yamekauka na vumbi halijaanza, majani bado mabichi, vijito vina maji. Ukisubiri Agosti unakuta milima imechomwa moto, moshi umetanda mpaka ziwani, milima ya Kongo ng'ambo huioni kabisa.

Rama alitaka twende Uvinza, kwa vile kule ni tambarare na ana hamu ya kuvuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi. Nilikataa kwa sababu ya mbung'o. Mdudu yule hufuata kitu kinachokwenda, na mtu anayenyonga baiskeli katikati ya miombo hana mkono wa kujipigia. Asha naye alitamani Gombe. Nikamwambia Gombe hakuna barabara ya kuingilia, unapanda boti Kibirizi na ukishuka unatembea kwa miguu. Yeye atakuja kwa treni, baiskeli yake ikiwa kwenye behewa la mizigo. Namwonea huruma kidogo maana Tabora hakuna mahali pa kujifunzia mlima.

Turudi Jumapili.

Nilimkuta Baba Mkubwa kibarazani kwake Mwandiga, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Shikamoo, marahaba, wazima huko, wazima. Nikakaa kwenye mkeka nikaanza kumweleza. Nilimweleza kwa furaha, nikamwonyesha na picha ya hema kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vinaendelea na maharage.

"Na mtapeleka nini Kasulu?"

Nikadhani anauliza tutakachobeba, nikamhesabia: hema, jiko dogo la gesi, unga wa muhogo, dagaa wakavu kwa kuwa ni wepesi na hawaozi, maji.

"Hivyo ni vya kwenu. Nauliza mnachopeleka."

"Hatupeleki kitu, Baba Mkubwa. Tunakwenda kutembea tu."

"Haya," akasema. Akaokota kokoto kwenye ungo, akaitupa uani, akaendelea na kazi yake.

Basi. Hakukasirika wala hakucheka. Tuliongea mengine, tukala, nikaondoka na maharage kwenye mfuko kama ilivyo kawaida yake. Lakini nilipofika Gungu nilikuwa nimeishiwa nguvu.

Kwa waliofika hapa karibuni: Baba Mkubwa ndiye aliyenilea, na alinisomesha kwa baiskeli. Alikuwa anapeleka mawese Kasulu. Madumu manne ya lita ishirini kwenye baiskeli moja, na dumu moja la mawese ni kilo 18, kwa hiyo kilo 72 kabla hujahesabu maji yake na shuka lake. Barabara ilikuwa ya udongo. Kiangazi ilikuwa vumbi la kufika kifundoni, masika utelezi. Panapopandika alinyonga, pasipopandika alisukuma, na akirudi hakurudi mikono mitupu, alirudi na maharage au ndizi. Ada yangu ya sekondari, sare, godoro la bweni, vyote vilipita juu ya keria ile.

Baiskeli ipo hadi leo, imeegemezwa ukutani stoo. Ni Phoenix nyeusi. Keria imeungwa nondo kila upande za kuning'inizia madumu, na pale dumu lilipokuwa likisugua, rangi imetoka na chuma kinang'aa. Siti imezungushiwa mpira wa tyubu. Kwenye madigadi ya nyuma bado kuna kibao cha bati cha kodi ya baiskeli, namba zimefutika. Kila nikienda pale hukigusa.

Sasa mtu huyu ndiye niliyemwambia kwamba barabara ile ile nakwenda kuipanda bure. Magoti yake yameishia kule. Asubuhi huanza kwa kushika ukuta.

Nimemjibu mara nyingi kichwani. Nimemwambia kwamba nasimama nyuma ya kaunta Jumatatu mpaka Jumamosi na mwili wangu una haki ya kupumua. Nimemwambia kwamba watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuitazama milima hii, na sisi tuliozaliwa chini yake tunaijua kupitia dirisha la Hiace, tena kama umepata siti ya dirishani. Nimemwambia kwamba yeye alisukuma ili mimi nisilazimike kusukuma. Hilo la mwisho nililipenda sana, usiku wa Jumatatu nilikaribia kumpigia nimwambie. Sikumpigia. Yote ni kweli na hakuna hata moja linalojibu alichouliza.

Jumanne nilimwambia Rama kwamba labda tuiache safari mpaka mwaka kesho. Rama hakunielewa, na sikuwa na la kumweleza.

Jumatano, saa tatu usiku, simu ikaita. Baba Mkubwa. Moyo ulinipasuka, maana kwake saa tatu ni usiku wa manane, simu ya saa hizo kwetu huwa ya msiba. Akanisalimia upesi upesi, kisha:

"Hilo hema mtalisimamisha wapi siku ya kwanza?"

Nikasema Kalinzi.

"Kalinzi kwa nani?"

"Tutatafuta mahali pazuri, Baba Mkubwa."

"Mahali pana wenyewe. Fikeni kabla jua halijazama, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji mjitambulishe. Semeni mlikotoka na mnakokwenda. Akikupeni uwanja wa shule, laleni uwanja wa shule. Msilale bondeni hata kama pana nyasi nzuri. Baridi ya kule huteremka usiku ikakaa bondeni na ukungu wake, mtaamka mmelowa."

Nikavuta daftari la Zuhura nikaanza kuandika.

Akauliza breki. Nikamwambia zetu ni za diski, si za kubana rimu. Akataka kujua zikishika moto inakuwaje. Nikasema sijui. Akaniambia kupanda hakujawahi kumtisha, alichokiogopa ni mteremko. Ukibana breki kutoka juu mpaka chini rimu inapata moto, joto linaingia kwenye tyubu, kiraka kinabanduka, na wewe uko kasi na madumu manne nyuma. Mwenzake mmoja alianguka hivyo. Wao walikuwa wakibana na kuachia, wakifika katikati wanasimama, wanakaa kando mpaka rimu ipoe. (Nimemuuliza Rama, anasema diski nazo zikizidi joto zinaacha kushika. Kwa hiyo tutabana na kuachia, tutasimama.)

Tulikwenda hivyo muda mrefu. Vijito, madaraja, kona ambayo malori hutokea ghafla. Halafu akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Baba Mkubwa?"

"Nipo. Unajua mimi ile milima sijaiona."

"Hujaionaje na umepita miaka yote ile?"

"Ukisukuma dumu nne hutazami pembeni, mwanangu. Unatazama gurudumu la mbele lisikate. Barabara nzima naijua kwa chini."

Nilishindwa kusema neno. Yeye hakuningoja. Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetuma mtoto dukani, kwamba kama kweli hatuna mzigo basi kuna dumu la lita tano la mawese nilipeleke Kasulu, kwa mzee ambaye wao walikuwa wakilala barazani kwake na mke wake akiwachemshia maji ya kuoga bila kudai senti. Hajui kama yuko hai. Kama hayupo, niwape watoto wake niseme yametoka kwa nani. Atanielekeza nyumba nikija kulichukua.

Nimelala usingizi usiku ule jinsi sijalala wiki nzima, na asubuhi nikamwandikia Rama kwamba safari ipo palepale.

Rama ana mzani. Amepima kila kitu, mpaka mswaki, na sasa nimemwongezea kilo nne na nusu bila dumu lenyewe. Tulibishana jana jioni nusu saa nzima. Alitaka tununue mawese hukohuko Kasulu tumpelekee mzee. Nikamwambia Rama, mawese hupelekwa, na haya yanatoka Mwandiga. Nitayabeba mimi, mkoba wa kushoto, na jiko na mtungi vikae kulia vilingane uzito. Nimeshalipiga hesabu na suala la kumwagika: kwa baridi ya Manyovu mawese yataganda usiku, asubuhi tutaondoka nayo yakiwa mazito na salama, na yakianza kuyeyuka mchana nitaangalia kifuniko kila tunaposimama. Nitaweka karatasi ya nailoni chini ya kifuniko, kama wafanyavyo wauzaji wa Kibirizi.

Bado sijui kama Jumapili alikuwa ananilaumu. Nimeurudia uso wake, nimeirudia ile kokoto iliyoruka uani, sipati jibu. Huenda aliuliza kwa sababu kwake mtu akitaja Kasulu na baiskeli, swali linalofuata ni hilo. Huenda lilimuuma kidogo, na katikati ya wiki likaisha. Sitamuuliza. Nitakapokwenda kuchukua dumu nitampeleka stoo tukaiangalie Phoenix pamoja. Nataka anionyeshe jinsi alivyokuwa akifunga madumu, fundo gani, mpira unapita wapi, kwa sababu zile kamba za ndoano tulizonunua sizipendi. Na nitapiga picha. Kila mlima nitapiga picha, pande zote mbili za barabara, nimletee aangalie akiwa amekaa.

Kuna jambo jingine linaninyima raha. Zuhura anashika daftari karibu sana na uso. Nililiona Jumatano hiyohiyo, nilipomrudishia daftari lake lenye maelezo ya Baba Mkubwa ukurasa wa nyuma. Alitaka kuyasoma, akaliinua mpaka likakaribia kugusa pua. Nikamuuliza kama shuleni anaona ubao. Akasema anaona, ila herufi zinacheza, na mwalimu alishamhamishia dawati la mbele tangu mwezi uliopita. Mwezi uliopita, na mimi sikuambiwa. Baba yake anasema ni mazoea mabaya ya kuinama, akikatazwa ataacha. Kwetu hakuna aliyewahi kuvaa miwani utotoni, kwake pia hakuna, na mtoto ana miaka minane tu.

Nataka nimpeleke hospitali ya Maweni Jumatatu macho yapimwe, lakini Jumatatu ndiyo zamu yangu na bosi amesafiri. Kesho nitamwomba Mama Jose tubadilishane. Akishindwa itakuwa Jumanne. Ila kesho asubuhi, kabla ya yote, nitamsimamisha mlangoni nimzibe jicho moja moja anisomee maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara, nijue angalau ni jicho lipi.