Ukiumia baada ya upasuaji, sema

Wodi ya upasuaji ninayofanyia kazi kama muuguzi ina watu wavumilivu kupita kiasi. Juzi mama aliyejifungua kwa upasuaji aliniambia, "Sijambo, dada," huku amekamata shuka na anapumua juu juu. Nikamuuliza: kama sifuri ni kutoumia kabisa na 10 ni maumivu makali kuliko yote, uko wapi? Akanong'ona, "Nane."

Nane! Na vidonge alikuwa amevikataa, akihofia dawa itamdhuru mtoto kupitia maziwa. Nikamweleza kuwa parasetamo na ibuprofeni alizoandikiwa zinakubalika kwa anayenyonyesha. Kinachonitisha zaidi ni maumivu yenyewe: mgonjwa anaogopa kukohoa, makohozi yanabaki kifuani, anaweza kupata nimonia. Akilala tu bila kutembea, damu inaweza kuganda miguuni. Ndiyo maana tunatoa dawa kwa saa zake, hatusubiri mtu alie.

Na kazi yangu haiishii kwenye sindano. Nikitoa mofini, dawa kali ya maumivu inayoweza kupunguza pumzi, nahesabu pumzi, naangalia kama anasinzia kupita kawaida, kisha narudi kuuliza tena namba. Maumivu yakipanda ghafla licha ya dawa, nakagua kidonda, napima mapigo na presha, namwita daktari. Nawafundisha pia kukumbatia mto tumboni wakati wa kukohoa. Kitu kidogo, lakini kinasaidia sana.

Ndugu mnaouguza, mkiona mgonjwa wenu amekunja uso na hataki kujigeuza, tuiteni. Hata saa nane usiku. Hamtusumbui.