Februari ya Tromsø, mbio za rendia na mzee asiyehesabu mifugo yake

Kila nikitaja Tromsø, mji wa kaskazini kabisa mwa Norwe, watu wanauliza aurora tu, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, uliiona, ilikuaje, nitumie picha. Niliiona ndio na nitaisimulia hapa, ila mimi kilichonishika kule kaskazini ni mifugo, wale rendia, jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Nimezaliwa Hanang, baba yangu ni Mbarabaig na ng'ombe ndo shule yangu ya kwanza kabla sijajua hata kushika kalamu, sasa miaka ile nilikua nasoma Trondheim hapohapo Norwe na nilikua nimekaa muda mrefu sana bila kusikia harufu ya zizi. Nadhani ndo maana safari ile ilinikaa moyoni kuliko zote nilizowahi kwenda Ulaya.

Ilikua Februari, kabla ya korona. Kuna mama mmoja Mkongo wa Uvira tulikua tunafahamiana kupitia watu wa kanisani, yeye na familia yake walipokelewa Norwe kama wakimbizi wakapangiwa kuishi Tromsø, akawa kila siku ananiambia njoo huku mwanangu uone wiki ya Wasami, wale wenyeji wa kaskazini, usikae tu hapo Trondheim na vitabu. Nikakata tiketi ya ndege maana treni haifiki Tromsø kabisa, reli ya Norwe inaishia chini huko, na mji wenyewe uko kilomita kama 350 kaskazini ya ule mstari wa Aktiki unaozunguka ncha ya kaskazini ya dunia. Uko kwenye kisiwa, milima nyeupe pande zote, bahari katikati, na chini ya mji wamechimba mahandaki ya magari mpaka na raundiabauti ziko humohumo chini ya mwamba.

Mama alinipokea na sambusa na chai ya tangawizi, watoto wake wanaongea Kinorwe cha kule kaskazini halafu wakimgeukia mama yao ni Kiswahili cha Uvira. Aliangalia nguo zangu moja baada ya nyingine akasema "Mwanangu, hapa mjini hizi zitatosha, lakini kule bara unakotaka kwenda iko baridi ingine, chukua hii sufi ya mzee, uivae ndani kabisa kwa ngozi." Na ni kweli Tromsø yenyewe haina baridi la kutisha kama watu wanavofikiri, mkondo wa bahari ya joto unapita pale pwani, kwahiyo Januari na Februari mara nyingi inacheza kwenye nyuzi tatu nne chini ya sifuri, kuna sehemu za kusini kabisa mwa Norwe zenye baridi kuliko hapo. Ila ukiingia ndani kuelekea mpaka wa Ufini ni habari nyingine.

Siku za mwanzo nilizunguka mji. Jua lilikua limerudi wiki chache tu nyuma, kule kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari halichomozi kabisa, halafu kwa sababu ya milima mjini wanaliona tena tarehe 21 Januari hivi, watu wanakula maandazi yao yenye jemu ndani na watoto wa shule wanatoka nje kulipokea. Mimi nilikuta linatoka asubuhi na ikifika saa tisa alasiri limeshazama, ila mwanga wake ule wa kukaa chinichini juu ya theluji, rangi ya waridi na bluu, sijawahi kuona sehemu nyingine. Nilipanda na lile gari la kebo mpaka juu Storsteinen, mita 421, nikaona kisiwa chote na daraja na lile kanisa jeupe la pembetatu la mwaka 1965. Nikapita makumbusho ya polar pia, ya safari za kwenye ncha za dunia, wana mambo mengi ya Roald Amundsen, msafiri maarufu wa Norwe ambaye mwaka 1928 aliruka kutoka Tromsø kwenda kumtafuta mwenzake Nobile aliyeanguka na chombo cha angani cha puto lenye injini, na hakurudi tena. Sehemu nzuri, ila ya wawindaji na mabaharia. Mimi nilikua nasubiri wikiendi.

Tarehe 6 Februari ni siku ya taifa ya Wasami, kwa kumbukumbu ya mkutano wao wa kwanza mkubwa uliofanyika Trondheim mwaka 1917, yaani mji nilokua nasoma, na nilikua sijui mpaka niliposimuliwa Tromsø. Wasami ndo wenyeji wa kaskazini yote ile, Norwe, Uswidi, Ufini mpaka rasi ya Kola kule Urusi. Wiki ile mji unajaa watu wamevaa gákti, kanzu zao za sufi za bluu na nyekundu zenye riboni, na mtu anaejua akikuangalia tu anajua umetoka upande gani. Kuna soko, kuna mashindano ya kurusha kamba ya kukamatia mnyama, na wikiendi ndo mbio zenyewe za rendia, katikati ya barabara kuu ya mji, Storgata, pale pale penye maduka na benki. Wanamwaga theluji barabarani, wanaweka uzio pande mbili, rendia mmoja mbele, nyuma yake mtu juu ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea, amejikunja kabisa ameshika kamba, wanaachiwa wawili wawili na umbali ni kama mita 200 tu. Mita 200 unaweza ukasema ni kidogo aisee, ila yule mnyama anaweza kufika kilomita 60 kwa saa, unasikia kishindo, theluji inakurukia usoni na wameshapita.

Watu wote walikua kwenye mstari wa kumalizia. Mimi nilienda kule nyuma wanakopumzishwa wanyama, nikasimama kwenye uzio karibu na dume mmoja wa kijivu. Nikamwangalia kama baba anavomwangalia ng'ombe mnadani, miguu kwanza, halafu mgongo, halafu macho. Kila akipiga hatua mguu unatoa sauti, tik, tik, kama mtu anavunja vijiti vikavu, nikashtuka nikadhani ameumia. Kijana aliemshika akanieleza hapana, ni mshipa unaoteleza juu ya mfupa wa mguu, wote wako hivo, kundi likitembea kwenye dhoruba hawaonani ila wanasikiana. Pua yote ina manyoya mpaka kwenye midomo. Na masikio yote mawili yalikua na alama, yamekatwa kwa mpangilio, pengo hapa, ncha imeondolewa kule. Nikamuuliza hiyo ni alama ya mwenye mali? Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema ndio, kila mfugaji ana yake, zimeandikishwa, hata mtoto mdogo anaweza kupewa alama yake na wanyama wake wa kuanzia. Nikamwambia na sisi kwetu ng'ombe anajulikana kwa chapa na kwa sikio, na mtoto anapewa ndama wake akiwa bado hajui hata kutembea. Basi tukaongea pale mpaka vidole vikakufa ganzi, mwisho akasema mjomba wake ana hema bonde la Skibotn anapokea wageni wa aurora, kesho yake kuna gari dogo linaenda, kama nataka nafasi ipo.

Kutoka Tromsø mpaka Skibotn ni masaa kama mawili, unafuata fyodi, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, upande wa pili milima ya Lyngen imesimama moja kwa moja kutoka baharini. Waongozaji wengi wa aurora wanakimbilia huko kwa sababu pwani mawingu ni mengi na ile milima inayazuia, ukivuka kwa ndani anga linakua safi. Na baridi inashuka kweli, tulifika kipimo cha gari kinasoma 24 chini ya sifuri, ukivuta pumzi puani unasikia manyoya ya ndani yameganda, kope zinashikana ukifumba macho kidogo, simu iliyokua na chaji nusu ikazima yenyewe. Ile sufi ya mzee wa Uvira ndo iliniokoa.

Hema lao, lavvu, ni miti mirefu imeegemeana juu, moto katikati, tundu la moshi, chini wametandika matawi ya mti wa birch halafu ngozi za rendia juu yake. Manyoya ya rendia yana uwazi wenye hewa ndani ndo maana unakaa juu ya theluji na huisikii. Mzee alikua wa miaka sabini na, amevaa viatu vya ngozi vyenye ncha iliyopinda, ndani hakuna soksi, kuna majani makavu yanayokatwa mabondeni na kupondwa mpaka yanakua laini. Kwenye chungu kulikua na bidos, nyama ya rendia na viazi na karoti, chumvi tu basi, imechemka taratibu siku nzima. Nilikula nikaongeza.

Sasa tukiwa tumekaa, mgeni mmoja, kijana mpole tu wala hakua na nia mbaya, akamuuliza mzee, una rendia wangapi? Mimi nilisikia aibu mwili mzima kana kwamba nimeuliza mimi. Kwetu huwezi kumuuliza mtu ng'ombe wake ni wangapi, ni kama unamwomba akufungulie akaunti yake ya benki mbele za watu, na wenyewe wafugaji hawahesabu kwa kidole, wanamjua kila mnyama kwa rangi na pembe na mama yake, akikosekana mmoja jioni wanajua. Mzee hakukasirika. Alichochea moto akasema wapo upande huu wa mti na upande ule wa mti pia. Nikacheka kwa furaha, nikamwambia kwa Kinorwe changu kile cha kuungaunga kua baba yangu angejibu hivohivo. Akanigeukia akauliza baba yako anafuga nini, na kuanzia hapo usiku ule ukawa wa sisi wawili.

Alinisimulia shule. Alipelekwa bwenini akiwa mdogo na Kisami chake tu mdomoni, na darasani kila kitu ni Kinorwe, hiyo ilikua siasa ya nchi kwa zaidi ya miaka mia, kuwageuza Wasami wawe Wanorwe, lugha yao ikaondolewa shuleni, nyimbo zao za joik wahubiri wakaziita dhambi. Akanisimulia na mipaka, kwamba zamani mifugo ilikua inavuka kwenda baridini upande wa Ufini na kurudi pwani majira ya joto, halafu mwaka 1852 mpaka ukafungwa kwa rendia na familia zikakatwa njia zao za malisho. Na bwawa la mto Alta, mwaka 1979 vijana wa Kisami walikaa na njaa mbele ya bunge Oslo kulipinga, bwawa likajengwa hata hivo, ila kelele zile ndo zilizaa bunge lao la Wasami lililofunguliwa 1989 kule Karasjok. Mimi nikamsimulia Basotu, malisho mazuri kuliko yote ya Wabarabaig yalivogeuzwa mashamba makubwa ya ngano kabla sijazaliwa, makaburi ya wazee yakalimwa, na baba alivokua anatuonesha kwa mkono, pale tulikua tunanywesha, pale babu alizikwa. Mzee alinyamaza akanimiminia kahawa nyingine. Halafu akaniuliza maswali ya mfugaji, ukame mnafanyaje, nani anaamua mnahama lini. Akasema ukame wao ni mvua. Zamani ikishanyesha theluji imekaa mpaka masika, rendia anaichimba kwa kwato anakula ile lichen, kimmea kidogo kinachoota chini, siku hizi mvua inanyesha katikati ya baridi, inaganda, chini kunakua na barafu ngumu kama saruji na mnyama anasikia harufu ya chakula ila hawezi kukifikia. Inabidi wanunue majani, na majani ni hela.

Aurora ilitoka tukiwa katikati ya mazungumzo hayo. Mtu akaita nje, tukatoka wote. Ilianza mstari mmoja wa kijani juu ya bonde, ukapanuka, ukaanza kutembea, chini yake kuna pindo la zambarau linakimbia haraka sana. Ni chembe zinazotoka kwenye jua zikigonga hewa huko juu, kilomita mia na zaidi, kijani ni oksijeni, hayo nilikua nimeyasoma. Kusoma hakukunisaidia kitu, nilitoa machozi na yakaganda. Mzee alisimama pembeni mikono kifuani, akasema walivokua watoto walikatazwa kuipigia mluzi wala kuichokoza, inaweza kushuka ikakuchukua, na mpaka leo yeye hapigi mluzi. Hakuna aliepiga.

Niliporudi mjini kesho yake nilimpigia baba. Mtandao wa Katesh ulikua mzuri siku ile. Nikamweleza habari za masikio, za wanyama wanaovuta watu barabarani, akawa anasema mmh, mmh, halafu yakaanza maswali. Wanakamua? Nikasema zamani walikamua, sasa ni nyama na ngozi. Nani anawala? Nikasema linksi, yaani paka mwitu mkubwa, tai, na mnyama mmoja mdogo mkali sana anafanana na nyegere, na serikali inalipa fidia mnyama akiliwa ila lazima uthibitishe. Akasema fidia ni jambo zuri, kuthibitisha ndo kazi. Wanahama na mbwa? Wana mbwa, na pikipiki za theluji. Akataka kujua ndama wanazaliwa mwezi gani, nikasema wa tano, wakiwa njiani kuelekea pwani, akasema basi utakua umeenda wakati mbaya, nenda tena wakiwa wanazaa, ndo utawajua hao watu. Na ukimkuta huyo mzee muulize kwato zikioza kwenye matope wanatibu na nini, mwambie sisi tumejaribu dawa zote za dukani.