Waya Nilioufunga Kati ya Betri Mbili

Kwa asubuhi tatu mfululizo lori langu lilikataa kuwaka, na asubuhi zote tatu niliulaumu mfumo wa mafuta. Stata ilizunguka, ingawa kwa uvivu, na bomba lilitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, nami nikaamua kwamba nozeli zimechoka na zinamwaga mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu. Injini ikishapata moto iliwaka kwa jaribio la kwanza tu, jambo ambalo lilipaswa kunifikirisha, lakini halikunifikirisha.

Nilifungua nozeli zote sita nikampelekea fundi wa pampu. Alizijaribu moja baada ya nyingine kwenye mashine yake, akanirudishia akisema hazina kosa. Nilizifunga tena, nikafungua nati za mabomba ya mafuta, nikapiga stata mpaka dizeli ikatoka bila mapovu ili upepo wote uishe, kisha nikakaza. Kwenye silinda ya nne nilirudisha ringi ya shaba ya zamani, ile inayoziba chini ya nozeli, kwa sababu mpya zilikuwa tano tu. Asubuhi iliyofuata lori lilikataa vilevile.

Ndipo nilipomwita fundi umeme, mzee asiyependa maneno mengi. Hakuigusa injini. Alifungua mfuniko wa sanduku la betri, akazitazama betri zangu mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo ili kupata volti 24, akaniuliza, “Kijana, hii ya pili unaiongezea maji mara ngapi?” Nilimjibu kwamba karibu kila wiki. “Na hii ya kwanza?” Hiyo sikukumbuka kuiongezea hata mara moja, na kusema kweli nilikuwa nikiisifu kwa kutokunywa maji.

Alichukua mita yake. Betri ya kwanza, ile ambayo hasi yake inakwenda kwenye chasisi, ilikuwa na volti 11.8, wakati ya pili ilikuwa na 12.7. Tukaliwasha lori kwa msaada wa betri za lori lingine, tukaziondoa, kisha akapima tena injini ikiwa inanguruma: jumla ilikuwa volti 28.2, kipimo ambacho kingemridhisha yeyote anayeishia hapo, lakini alipopima kila betri peke yake alikuta 12.9 kwenye ya kwanza na 15.3 kwenye ya pili. Moja ilikuwa na njaa huku mwenzake akichemka.

“Redio yako inakula umeme wapi, mwanangu?”

Sikuwa na pa kujificha. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimefunga redio, chaji ya simu na feni ndogo ya kitandani, vyote vya volti 12, na kwa kuwa lori ni la volti 24 nilivuta waya kutoka kwenye kiungo kilicho katikati ya betri mbili. Vifaa vilifanya kazi vizuri, nami nikajiona fundi. Sikujua kwamba nimeitwisha betri ya kwanza mzigo ambao ya pili haiubebi. Feni peke yake ilikula ampea 2, na nikilala saa 10 ikizunguka, betri hiyo ilipoteza ampea-saa 20 ambazo mwenzake hakuzipoteza. Alternata, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haioni betri mbili, inaona volti 28 za jumla. Mkondo uleule unapita katika zote mbili, kwa hiyo ya pili hujaa mapema na kuanza kuchemsha maji yake, na chaji hupungua kabla ile ya kwanza haijashiba.

Mzee aliniambia nipige stata huku mita ikiwa kwenye betri. Volti 24 na kitu zilianguka hadi 15. Aliweka waya mmoja wa mita kwenye mwili wa injini na mwingine kwenye hasi ya betri, akaniambia nirudie: volti 1.6 zilikuwa zikipotea kwenye kebo ya ethi, yaani waya mnene unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, ambayo mwisho wake kwenye chasisi ulikuwa umeota kutu chini ya rangi. Hapo moshi mweupe ulipata maelezo. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, si kwa cheche, na pistoni ikipanda polepole hewa huvuja pembeni mwa ringi za pistoni huku joto likinyonywa na kuta za silinda zilizo baridi. Nozeli zangu zilikuwa zikipuliza mafuta vizuri kabisa mahali pasipo na moto wa kuyawasha.

Tulipiga msasa kebo ya ethi mpaka shaba na chuma vikang’aa, tukaikaza na kuipaka grisi, na upotevu ukashuka hadi volti 0.2. Betri zilibadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mzee alikataa katakata kuoanisha mpya na ile iliyokwisha kuchemshwa. Waya wangu wa katikati aliukata kwa koleo bila kuniuliza. Mahali pake tulifunga kibadilishi cha volti 24 kwenda 12, chenye fyuzi karibu kabisa na betri, kinachochota kutoka kwa zote mbili kwa usawa.

Kesho yake alfajiri stata iliizungusha injini kwa nguvu ambayo nilikuwa nimeisahau, ikawaka kabla sijaondoa mkono kwenye ufunguo. Moshi ulikuwa kidogo, ukakatika. Kilichobaki ni mlio mdogo wa “tss, tss” kutoka silinda ya nne, pale ringi ya zamani ilipokuwa ikivujisha mgandamizo. Mzee aliinamisha sikio, akanitazama, akafunga sanduku lake la spana. Mlio huo aliniachia mimi.