Hesabu ya Ua

Jumamosi

Leo nimechuma maua ya boga, madume tu, majike nikayaacha. Nimekula maua ya bustanini kwa muda wa kutosha sasa hivi kwamba ladha yake hainishangazi tena. Kinachonizunguka kichwani siku hizi ni hesabu. Ua ni kazi ambayo mmea bado haujaimaliza, na ukilikata kuna kitu hakitakuja baada yake: tunda, au mbegu, au shibe ya nyuki. Nikichuma jani sijiulizi chochote, jani jingine litaota. Nikishika ua, mkono husita kidogo.

Boga ndilo lenye jibu jepesi kuliko yote. Mmea mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike, kila moja na umbo lake. La kiume hukaa juu ya kikonyo kirefu, chembamba. La kike hubeba chini yake kiboga kichanga kilichokwisha kuumbika kabla hata halijapata chavua; lisipochavushwa, kiboga hicho hunyauka na kudondoka. Madume hutangulia kuchanua, tena huwa mengi kupita mahitaji, kwa hiyo ukibakiza machache ya kutoa chavua mavuno hayapungui hata kidogo. Hapa nakula bila deni.

Ila lazima niamke. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla jua halijawa kali, na likishafunga halifunguki tena. Nalichuma lingali wazi, nalitikisa, nachungulia. Mkaguzi mkuu ni binti yangu. "Mama, humu kuna mtu," akaniambia leo, na kweli nyuki alikuwemo, chavua imemjaa mpaka miguuni. Tukamwacha amalize shughuli zake, tukahamia ua la pili. Ndani naondoa kile kijiti cha manjano kinachosimama katikati, maana huacha uchungu mdomoni, kisha ua linakatwakatwa na kuingia kwenye mafuta ya moto yenye kitunguu saumu, dakika moja au mbili basi. Ladha yake ni boga lile lile, limepunguzwa uzito. Halingoji kesho, likilala limeshasinyaa.

Nasturtiamu ni habari nyingine, na hilo ndilo ua ninalolipenda kuliko yote, sitajifanya sina upendeleo. Asili yake ni Amerika Kusini, upande wa milima ya Andes, na ni mmea usiotaka kubembelezwa. Uupe udongo wenye rutuba nyingi na samadi ya kutosha, utakuzalia msitu wa majani na maua ya kuhesabu. Uupe udongo wa kawaida, jua la kutosha na maji ya kiasi, ndipo unachanua. Nitrojeni nyingi huuambia mmea kwamba maisha ni mazuri, hakuna haraka ya kuzaa.

Chote chake kinaliwa: jani, ua, na mbegu ikiwa bado mbichi. Ukali wake, ule unaopanda puani, unatokana na kemikali ziitwazo glukosinoleti, jamii ile ile inayoupa haradali na figili makali yake. Jani likiwa zima ukali haupo. Unazaliwa pale meno yanapoliponda, kwa sababu mmea umetunza viambato viwili, kila kimoja mahali pake, na vinakutana tu unapojeruhiwa. Ni silaha dhidi ya wadudu, na sisi tumeigeuza kitoweo. (Vidukari nao hawaiogopi kabisa. Hujipanga chini ya majani, na dawa yangu ni maji ya bomba kwa nguvu, asubuhi, mpaka wakate tamaa.) Nyuma ya ua kuna mkia mwembamba uliojaa mbochi, yale maji matamu ya ua, kwa hiyo ukilila zima unaanza na utamu, halafu ukali unakuja umechelewa. Usilipike. Moto unaua kila kitu ulichokichumia.

Hesabu ya nasturtiamu inakwenda kinyume na ya boga: kadiri ninavyochuma ndivyo linavyochanua. Mmea wa msimu mmoja una lengo moja, nalo ni mbegu. Ukishapata mbegu za kutosha hupunguza maua na kuanza kuchoka. Ninapoondoa ua kabla ya mbegu, mmea unajaribu tena, na tena. Kwa maneno mengine naula ule ukaidi wake. Sijui kama hilo linapaswa kunisumbua. Mwisho wa msimu nauachia mmea uwanja, uzae unavyotaka, kisha nakusanya mbegu za kijani, nazilaza usiku kucha kwenye maji ya chumvi na kuzitumbukiza katika siki. Zinakuwa achari ndogondogo kali sana, za kunyunyiza juu ya chochote kilichopoa.

Kuna jambo moja kuhusu ua hili ambalo nimelihifadhi kwa ajili ya jioni. Mwaka 1762 Elisabeth Christina von Linné, binti wa mwanabotania Carl Linnaeus, aliandika kwamba aliyaona maua haya yakitoa mimweko wakati wa machweo. Baadaye wataalamu walieleza kuwa mimweko hiyo imo katika jicho la mtazamaji, si katika ua: rangi kali ya machungwa na kijani cha majani vinavyopokewa na jicho linalozoea giza. Nami nimeshayakodolea macho jioni nyingi. Hayajanimwekea hata mara moja.

Sasa kalendula, ambayo imenivuruga hesabu yote. Ukiitazama unaona ua moja la manjano au la machungwa, lenye petali nyingi pembeni. Kumbe si ua moja. Ni mkusanyiko, kama ilivyo alizeti, na kila kile tunachokiita petali ni ua kamili lililojitegemea. Zaidi ya hapo, ni haya ya pembeni ndiyo yanayozaa mbegu. Yale madogo ya katikati kazi yake ni kutoa chavua. Kwa hiyo ninapong'oa petali na kuacha kitovu, kwa sababu kitovu ni kichungu, nimechukua majike na kuacha madume. Kwenye boga nilijisifu kwa kufanya kinyume chake. Kalendula hata hivyo haina kinyongo; ni ya kundi lile la nasturtiamu, ukichuma inaongeza.

Ladha yake ni hafifu, uchungu wa mbali. Rangi ndiyo ya kutafutwa. Lakini rangi hiyo ni ya jamii ya karotini, na karotini hupenda mafuta kuliko maji. Ukizitia petali kwenye maji ya moto unapata kitu cha kukatisha tamaa. Zikate ndogo, uzichanganye na siagi au uzipashe polepole ndani ya mafuta, ndipo manjano inajitokeza. Kwa akiba nazikausha kivulini, zimetandazwa zisigusane, mpaka zivunjike zikiminywa.

Nisisahau yale yanayochanua bila kuombwa. Giligilani ikishapandisha shina na kutoa maua meupe, watu wengi huing'oa wakidhani imeharibika. Majani kweli yameshakuwa machache na makali, lakini maua yana harufu ile ile kwa upole zaidi. Mrehani vivyo hivyo, kitunguu cha majani membamba (chives) vivyo hivyo. Ua la zambarau la kitunguu hicho ukilichambua vipande vipande na kulitupia kwenye siki, baada ya siku chache siki yote inageuka rangi ya waridi na kunukia kitunguu. Ila hapa hesabu ni wazi: giligilani ninayoila ikiwa ua haitanipa mbegu, na mbegu zake ni kiungo kizuri kuliko ua. Nagawa. Nusu nakula, nusu naacha, na ile nusu iliyoachwa siku zote imejaa wadudu wadogo wenye mabawa ambao sijui majina yao.

Upande wa pili wa mizani yapo maua ambayo sioni sababu ya kuyakata. Viola ni zuri mno na linasifiwa sana, nami sijapata chochote ndani yake zaidi ya ladha ya jani bichi. Lavenda ikizidi chembe moja chakula kinanuka kama sabuni. Najua wanaoyaweka juu ya keki kwa macho tu, na keki ikiliwa maua yanasukumwa pembeni ya sahani. Hilo ndilo linaloniudhi. Kama ni ya kutazama, yatazamwe mtini.

Dada yangu alipopita juzi na kuona bakuli mezani alicheka sana. "Mdogo wangu, mmefikia hapo? Maua?" Nikamuuliza, "Dada, karafuu zilizomo jikoni kwako ni nini?" Maana karafuu ni tumba la ua, lililochumwa kabla halijafunguka na kukaushwa juani. Brokoli ni matumba. Koliflawa pia ni kichwa cha maua yaliyokatishwa safari. Zafarani ni zile nyuzi 3 za katikati ya ua moja, na kilo moja yake hudai zaidi ya maua 100,000, yote yamechumwa kwa mkono. Kwa hiyo sote tumekuwa walaji wa maua zamani, ila tunayapenda yakiwa yamejificha. "Haya, nimekubali," akasema, "lakini yangu niwekee pembeni."

Alichouliza baadaye kilikuwa na maana zaidi: nimejuaje kwamba hayataniua? Kwa kuwa mkali. Siweki mdomoni ua nisilolijua kwa jina lake la kisayansi, kwa sababu majina ya mtaani huunganisha ndugu wasiofanana. Ua la njegere ya mboga linaliwa. Lile la njegere ya mapambo, Lathyrus odoratus, lina sumu. Asumini halisi ni salama, lakini kuna mtambaazi wa maua ya manjano, Gelsemium sempervirens, unaoitwa asumini na watu wengi na unaweza kuua. Oleanda ina sumu ya moyo kuanzia jani mpaka ua. Mnanaha (Datura, si nanaa ya chai), na uzuri wote ule wa tarumbeta zake nyeupe, usisogezwe jikoni kabisa.

Hata ua salama linaweza kufika na kitu kisicho salama. Waridi la kuuzwa kwa ajili ya chombo cha maua limenyunyiziwa dawa ambazo hakuna aliyetarajia zingeliwa, na miche ya mapambo kutoka kitaluni mara nyingine imepewa dawa zinazotembea ndani ya utomvu, ambazo kuosha hakuziondoi. Ndiyo maana karibu kila kitu naanza na mbegu. Mgeni namwonjesha petali moja mbili kwanza, hasa akiwa ni mtu wa mafua ya chavua. Jamii ya kalendula na alizeti inaweza kumwasha.

Msimu ujao nataka boraji. Ina maua ya buluu yenye umbo la nyota na ladha ya tango, na nyuki wanaipenda kupita kiasi, kwa hiyo nitaiweka kandokando ya boga. Itabidi nipande mbegu moja kwa moja ardhini, maana mzizi wake ni mrefu na haupendi kuhamishwa. Majani yake yana kemikali zinazoweza kudhuru ini yakiliwa kwa wingi, basi majani nitayaacha, na maua yenyewe yatakuwa ya siku moja moja: machache ndani ya kinywaji baridi, mengine yote ya wale wenye mabawa. Mbegu nimeshazipata. Bado kumwambia mkaguzi mkuu kwamba kazi yake inaongezeka.