Ile mia tano ya bibi

Juzi binti yangu karudi na kikaratasi kimekunjwa mara nne ndani ya daftari la Hisabati: mchango wa uji, wazazi mnaombwa mkamilishe kabla ya Ijumaa. Kanikabidhi halafu akaniuliza, "Mama, kwani shule si bure?"

Nikashindwa kumjibu. Nimekaa na kikaratasi mkononi, akili yote imerudi Chamwino, Dodoma, Aprili 2016, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu yenye dirisha moja.

Ni ile risachi yangu ya mwaka wa tatu chuoni. Mwaka ule nusu ya darasa ilitaka kuandika kuhusu elimu bila malipo maana ndo ilikuwa habari ya mjini, Waraka wa Elimu Na. 5 wa serikali ulishatoka Novemba 2015, kuanzia Januari ada na michango ya lazima imefutwa mpaka kidato cha nne, serikali inatuma karibu bilioni 19 kila mwezi, na darasa la kwanza nchi nzima limefurika. Supavaiza akaniambia usiniletee hotuba, niletee tathmini, nenda kaangalie kilichoandikwa kinafanyika au hakifanyiki. Nikachapisha madodoso, nikachukua barua ya halmashauri yenye muhuri, nikapanda basi.

Niliyoyaona siku za mwanzo yalinipa moyo kwa kweli. Darasa la kwanza nilihesabu watoto 143 kwenye chumba kimoja, na wengine walikuwa wanasomea nje chini ya mbuyu, na humo walikuwepo wenye miaka tisa, kumi, vijana wakubwa kabisa wamekaa na wadogo zao wanajifunza kuandika majina. Hao bila ule waraka wasingekuwa pale. Hilo silipunguzi hata leo.

Siku ya tatu mwalimu mkuu akanifungulia kaunta buku ya ruzuku. Akanieleza taratibu kabisa, kila mtoto wa shule ya msingi kapangiwa 10,000 kwa mwaka, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inashuka shuleni. "Gawanya kwa miezi 12," akasema. Nikagawanya. Mia tano kwa mwezi kwa mtoto mmoja, chaki humo, karatasi za mitihani humo, kitasa kikivunjika humo humo.

Sijamaliza kuandika, hodi mlangoni. Bibi mmoja, khanga imepauka, miguu ina vumbi la mwendo mrefu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama mbele ya meza akaanza kufungua fundo la khanga. Vidole vyake vilikuwa vigumu, fundo limekaza, akalivuta kwa meno. Ikatoka jero moja ya sarafu.

"Mwalimu, nimeleta ya uji ya mjukuu wangu."

Kabla ya Januari kila mzazi pale alikuwa analeta kibaba cha uwele na hela kidogo ya mpishi na maji. Watu waliposikia bure, wakaacha kuleta. Sufuria la uji nililiona nyuma ya ofisi asubuhi ile, limegeuzwa chini juu kando ya mafiga, kuku kalala juu yake.

Mwalimu hakumtazama bibi, alinitazama mimi. Halafu akatazama ile barua yangu yenye muhuri.

"Bibi, siku hizi hatupokei. Ni bure. Rudi nayo nyumbani."

"Uji upo?"

"Uji haupo, bibi."

"Sasa bure nini, mwanangu?"

Kimya. Nje watoto wanaimba a, e, i, o, u, sauti moja inachelewa kila mara. Bibi akaiweka ile mia tano mezani, ikaangukia juu ya dodoso langu, upande wa nyati juu. Mwalimu hakuigusa na mimi sikuigusa. Nilikuwa nimetoka kuigawanya hesabu ile sekunde chache zilizopita, na sasa hela yenyewe ipo pale, ya mtoto mmoja, ya mwezi mmoja, imetoka kwenye khanga ya bibi ambaye mtama wake bado haujakauka shambani.

Akaaga akatoka. Mwalimu akamwita kijana amkimbilie amrudishie. Nikawaona dirishani, kijana kamfikia karibu na mbuyu, bibi anakataa kwa mkono, halafu akaipokea, akakaa chini kabisa kuifunga tena.

Nikarudi kwenye dodoso maana ndo kazi iliyonipeleka. Swali la 14: je, shule inapokea michango ya wazazi? Mwalimu akasema, "Si umeona mwenyewe." Nikaweka tiki kwenye Hapana. Sera inatekelezwa.

Mwezi uliofuata ukatoka Waraka Na. 3 kufafanua nani anabeba nini, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ukakiweka kwa mzazi. Yaani bibi alikuwa anatimiza wajibu wake, na huenda mwalimu angeipokea kama mimi nisingekuwepo pale na barua yangu. Hilo ndo linanikaa kooni. Risachi ilipita vizuri, nikahitimu, Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango tena, 2022 ada zikafutwa mpaka kidato cha sita, na kila mara nilifurahi kwa dhati halafu nikamkumbuka yule bibi anahangaika na fundo.

Juzi usiku nikatoa ile risachi kwenye sanduku nikaipitia yote. Hayumo. Hakuwa kwenye sampo, hakujaza dodoso, hana hata sentensi moja.

Hela ya uji nitaipeleka mwenyewe Ijumaa. Nataka nimuulize mwalimu, wale ambao kwao hawajaleta, saa nne wenzao wakipanga foleni na vikombe, wao wanakaa wapi?