Nilivyowafikisha wenzangu wa Igombe kwenye kipimo cha mlango wa kizazi

Wanaosema wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, hawapimi saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ni waoga, waje waanike dagaa na sisi wiki moja tu. Hatukukosa ujasiri. Tulikosa nafasi.

Ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa kutangaza kwa kipaza sauti asubuhi, eti ndipo watu wamejaa. Ni kweli wamejaa, lakini mitumbwi ndiyo inaingia, ndoo zinagombewa, na dagaa asipoanikwa jua lingali kali anaoza. Muuguzi alikaa chini ya turubai akisubiri, akaondoka bila kumpima hata mmoja. Jioni yake wakubwa fulani wakatuambia hatupendi afya zetu. Iliniuma sana.

Nikakumbuka mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa wavuvi wanapumzika na chanja zetu za kuanikia zinabaki tupu. Nikaomba kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kitoe nauli kwenye mfuko wa jamii, muuguzi akakubali tarehe, tukajaza Hiace hadi kituo cha afya. Hata waliokuwa wakinikwepa walipanda, maana siku hiyo hakuna aliyekuwa akipoteza biashara.

Mama mmoja alikuwa amewashauri wenzake wajisafishe ndani kwa maji ya ndimu kabla ya kwenda. Jamani, msiweke kitu chochote, na kama uko kwenye siku zako subiri ziishe. Kipimo chenyewe ni kifupi: muuguzi anapaka siki iliyopunguzwa makali, anasubiri kama dakika moja, penye mabadiliko panageuka peupe. Usingoje kutoka damu au kusikia maumivu. Mabadiliko ya mwanzo hayaumi, na ndiyo yanayotibika kirahisi. Wenye VVU waanze mapema, tangu miaka 25, kwa sababu kwao ugonjwa huenda mbio zaidi.

Kuhusu mabinti, maneno kwamba chanjo inafunga kizazi yalinichosha. Chanjo inazuia HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, haigusi uwezo wa kuzaa. Dozi moja imechunguzwa hapa hapa Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 katika utafiti ulioanza 2017, na tangu 2024 nchi nzima wanachanjwa mara moja tu. Wangu amechanjwa. Ila mama aliyemchanja binti bado na yeye apime.

Kazi kubwa ilikuja baada ya kipimo. Mwenzetu mmoja alikutwa na weupe, akatibiwa siku ile ile kwa kugandishwa sehemu ile kwa baridi kali, akaambiwa asikutane kimwili na mumewe kwa wiki nne. Akalia, si kwa maumivu, kwa kumwogopa mume. Nilimfuata huyo mume, shemeji yetu, mwenyewe, nikamwomba aje kwa muuguzi. Muuguzi akamwambia, “Baba, hapa pana kidonda kinachopona. Ukikitonesha, anatoka damu na anaingiwa na maambukizi.” Akauliza kama yeye ndiye aliyemwambukiza. Akajibiwa kwamba kirusi hicho huwapata watu wengi mno na hukaa miaka bila kujulikana, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Akatulia, na wiki zile zote ndiye aliyembebea mkewe ndoo.

Dada yetu anatakiwa kurudi kuangaliwa baada ya mwaka. Kadi yake naitunza mimi, kwa sababu yeye na mumewe huhamia visiwani msimu ukibadilika.