Nelly Dean aliona, akanyamaza

Kwa kikundi cha kusoma riwaya ya Wuthering Heights ya Emily Brontë, iliyotoka 1847, wasomaji sita hadi wanane wanatosha. Ina sura 34; mkisoma nne kwa wiki, miezi miwili na siku kadhaa mmemaliza. Msikimbie zaidi ya hapo, maana hadithi imepita midomo miwili: Lockwood, mpangaji mgeni, anaandika alichosimuliwa na Nelly Dean, mtumishi wa nyumba. Na Nelly anayarudia maneno ya miaka ishirini hivi nyuma kana kwamba yalisemwa jana jioni.

Hapa Kampala Nelly huaminiwa mapema mno. Catherine, binti wa nyumba hiyo, anapomfuata jikoni kumuuliza kama amefanya vyema kukubali posa ya Edgar, kijana tajiri wa jirani, watu humwona ssenga, shangazi wa Kiganda, anayemfunda binti. Basi sura hiyo ya 9 isomwe kwa sauti, polepole. Heathcliff, yatima aliyelelewa pamoja na Catherine, amejilaza kwenye benchi nyuma ya kiti kirefu. Catherine, aliyeketi chini, hamwoni. Heathcliff anasikia kwamba kuolewa naye kungemshusha Catherine hadhi, anatoka kimyakimya kabla hajasikia jinsi anavyopendwa. Nelly amemwona akitoka. Anamnyamazisha Catherine, na akiulizwa kwa nini, anasingizia mlio wa mkokoteni wa Joseph, mtumishi mwenzake. Ukweli anakuja kuutoa baadaye, Heathcliff keshatoweka.

Chukueni daftari, mpige safu tatu: aliyoyaona Nelly, aliyoambiwa, aliyoyakisia. Kila tukio liingie safu moja tu. Ubishi mtamu uko safu ya tatu. Catherine anajifungia chumbani siku tatu bila kula. Nelly anaamua kwamba ni maigizo, wala hamwambii Edgar, mumewe. Kukisia si kosa, kila msimulizi hukisia. Ila huyu anatenda kwa kisio lake kama aliyeshuhudia, na Catherine anaugua vibaya.

Kikundi kikishagundua hayo hugeuka ghafla na kudai kila kitu ni uongo, jambo ambalo ni uvivu uleule wa kumwamini moja kwa moja. Tafuteni sauti nyingine za kumpimia: shajara ya Catherine, ambayo Lockwood anaisoma kwa macho yake katika sura ya 3, na barua ya Isabella, dada yake Edgar, katika sura ya 13.

Lockwood naye asisahauliwe. Mwanzoni mwa sura ya 15 anakiri kwamba maneno ya Nelly ameyafupisha kidogo. Hapo ongezeni safu ya nne.